Limit, Border, Scope, Big, Great: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maneno ya Kiingereza ya Mpaka, Ukubwa na Upeo

Ukurasa huu ni wa wanaofikiri kwa Kiswahili na kulazimika kuandika kwa Kiingereza: wanafunzi wa vyuo, watafsiri, makarani na waandishi wa ripoti. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Maneno ya Kiingereza yameandikwa kwa herufi za mlazo.

## Kwa kuanzia

1. Kwa nini neno moja la Kiswahili huzaa maneno matano ya Kiingereza?

Kwa sababu Kiswahili huiachia nomino kazi kubwa, na kivumishi hubaki kilekile. Tunasema mvua kubwa, sauti kubwa, bei kubwa na ajali kubwa, na msikilizaji anajua mwenyewe ni ukubwa wa namna gani. Kiingereza kinadai kila nomino ipewe mwenzake: *heavy rain*, *a loud voice*, *a high price*, *a serious accident*. Anayeandika *big rain* ataeleweka, ila msomaji ataona papo hapo kwamba sentensi ilitungwa kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo usikariri visawe, kariri jozi. Ukiandika daftarini *heavy* peke yake umepata "nzito" tu. Ukiandika *heavy rain*, *heavy traffic*, *heavy fine*, umepata mvua kubwa, foleni kubwa na faini kubwa, na utazitumia kesho bila kukosea.

2. Nikipata visawe kumi kwenye thesaurus (kamusi ya visawe), naweza kuchagua chochote?

Hapana. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyechapisha thesaurus yake mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa wazo badala ya alfabeti. Mpango huo humfaa anayelijua neno ila limemtoka kichwani. Asiyelijua hupotea humo, kwa kuwa *limit*, *border*, *brink* na *rim* vinakaa jirani bila maelezo kwamba kimoja ni cha kasi ya gari na kingine ni cha kikombe.

Fanya hivi: chagua neno, lifungue kwenye kamusi ya wanafunzi yenye sentensi za mifano, kisha tazama nomino zinazoambatana nalo. Nomino yako isipokuwamo wala yoyote inayofanana nayo, rudi kwenye neno la kawaida. *Large* iliyokaa mahali pake ina heshima kuliko *voluminous* iliyokaa pabaya.

## Mipaka na vikomo

3. *Border*, *boundary* na *frontier*: mpaka upi ni upi?

*Border* ni mpaka wa nchi na nchi, pamoja na eneo linalouzunguka. Namanga, Tunduma, Busia na Malaba ni *border towns*. Neno hilohilo ni pindo la nguo: ule mzunguko wa kanga unaouzunguka mji, yaani sehemu yake ya katikati, kwa Kiingereza ni *the border of the kanga*.

*Boundary* ni mstari wenyewe, uwe wa shamba, kiwanja, kata au wilaya. Bikoni za mpima ardhi huonyesha *boundary*. Majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba wana *a boundary dispute*. Ukiandika *border dispute*, msomaji ataanza kufikiria majeshi. Kuna tahadhari moja: katika mikataba na ramani, mstari unaotenganisha nchi huitwa *international boundary*, na hapo si kosa.

*Frontier* ni ukanda wa mwisho wa nchi, au pale watu walipokomea kuishi na kujua. Kenya ya kikoloni ilikuwa na Northern Frontier District. Siku hizi neno hili huonekana zaidi kwa mafumbo, kama *the frontiers of science*. Waliosoma kwa Kifaransa, kama wengi wa Kongo na Burundi, huliweka kila mahali kwa sababu *frontière* ya Kifaransa ni mpaka wa kawaida. Kwa Kiingereza, wa kawaida ni *border*.

4. "Ukingo" nautafsirije?

Tazama ni ukingo wa nini. Wa meza ni *edge*, wa mto ni *bank*, wa ziwa au bahari ni *shore*, wa kikombe au bakuli ni *rim*. Pambizo la ukurasa ni *margin*. Pembezoni mwa mji ni *outskirts*, neno ambalo liko katika wingi siku zote na hutanguliwa na *on*: *on the outskirts of Dodoma*.

5. *Limit*, *limitation*, *restriction* na *constraint* zina tofauti gani?

Chukua lori moja la mchanga, ulipitishe katika sentensi nne:

*The weight limit on this bridge is 10 tonnes.* Hapa ni kikomo chenyewe, mara nyingi namba. Vivyo hivyo *speed limit*: kilomita 50 kwa saa penye makazi na 80 kwa mabasi, Kenya na Tanzania.

*One limitation of this truck is its weak brakes.* Hapa ni upungufu ulio ndani ya kitu.

*There are restrictions on heavy vehicles in the city centre.* Hapa kuna mtu au mamlaka iliyotoa amri. *Restriction* hufuatwa na *on*.

*Our main constraint is fuel.* Hapa kuna kinachokubana usifanye unalotaka: muda, fedha, watu, mafuta.

Kipimo chepesi ni hiki. Ukiweza kuuliza "ni ngapi?", tumia *limit*. Ukiuliza "kina kasoro gani?", *limitation*. "Nani kakataza?", *restriction*. "Nini kinatubana?", *constraint*.

6. Katika pendekezo la utafiti, *scope*, *limitations* na *delimitations* zinatofautianaje?

Hapa ndipo rasimu nyingi hurudishwa na wasimamizi, na kosa karibu daima ni moja: sehemu zote tatu zinasema jambo lilelile kwa maneno mapya.

*Scope* ni eneo ambalo utafiti unalifunika: mada gani, mahali gani, kipindi gani, watu gani. *Delimitations* ni mipaka uliyoiweka mwenyewe kwa hiari, pamoja na sababu yake. *Limitations* ni mambo yasiyo mikononi mwako yanayopunguza uzito wa matokeo.

Tuseme unachunguza mikopo ya vikundi vya akina mama katika kata mbili za Kisumu. *Scope*: marejesho ya mikopo, kata mbili, miaka mitatu. *Delimitation*: umechukua vikundi vilivyosajiliwa tu, kwa sababu ndivyo vyenye daftari za hesabu. *Limitation*: baadhi ya daftari hizo zina kurasa zilizokosekana, hivyo marejesho ya miezi fulani yamekadiriwa kutokana na mahojiano.

Kuandika *time and money were limitations* hakusaidii, maana hakuna mtafiti asiye na shida hizo. Taja upungufu, athari yake kwa matokeo, na ulichofanya kuupunguza; sentensi tatu zinatosha. Na usiweke *limitation* uliyojitakia. Kama ungeweza kwenda kata ya tatu ukaamua usiende, hiyo ni *delimitation*.

7. *Limited* kwenye jina la kampuni ina maana kampuni ni ndogo?

Haina maana hiyo. *Limited*, kwa kifupi *Ltd*, inahusu dhima: kampuni ikifilisika, mwanahisa hupoteza kile alicholipa au alichoahidi kulipa kwa hisa zake, wala wadai hawamfuati nyumbani kuchukua makochi. Kampuni yenye matawi mia inaweza kuwa *limited*.

Kwingineko *limited* ni njia ya adabu ya kusema "kidogo". *Limited experience* kwenye barua ya mapendekezo ni sifa mbaya iliyovikwa kanzu. Ukimwandikia mtu barua ya kumsifu, liepuke.

8. *Cap*, *ceiling*, *threshold* na *quota* zote ni vikomo?

*Cap* na *ceiling* ni vikomo vya juu vilivyowekwa ili kitu kisizidi: *Fares were capped at 1,000 shillings*. *Quota* ni fungu lililotengwa, la kufikia au la kutolizidi, kutegemea muktadha. *Threshold* ni kizingiti, na picha ni ileile ya mlangoni: ukikivuka, umeingia. Mapato yakivuka *threshold* ya kodi, wajibu wa kulipa unaanza. *Cap* inazuia, *threshold* inaanzisha. Ripoti inayozichanganya inageuza maana ya sera nzima.

Vitenzi navyo vina wenyewe: *reach* au *exceed a limit*, *cross a threshold*, *meet* au *fill a quota*.

9. *Out of bounds* na *bound to* vina uhusiano?

Havina. *Bounds* ya mipaka huja katika wingi: *out of bounds* ni mahali ambapo wanafunzi hawaruhusiwi kufika, *within bounds* ni ndani ya mipaka. *Bound for Mombasa* ni chombo kinachoelekea Mombasa. *Bound to fail* ni kitu ambacho lazima kishindwe. Yanafanana sura tu.

## "Mpaka" na "hadi" katika muda, mahali na idadi

10. Kwa nini *Submit the form until Friday* ni kosa?

Kwa sababu "hadi" yetu inafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. *Until* ni ya kitendo kinachoendelea bila kukatika: *I will be here until Friday*, nitakuwepo hadi Ijumaa. *By* ni ya kitendo cha mara moja chenye siku ya mwisho: *Submit the form by Friday*, uwe umewasilisha ifikapo Ijumaa. *Submit until Friday* inasikika kama kumwambia mtu aendelee kuwasilisha fomu usiku na mchana mpaka Ijumaa ifike.

Jipime kwa kuweka "ifikapo". Ikikaa, andika *by*. Isipokaa, andika *until*.

Kwa mahali, usitumie *until*. "Basi linakwenda mpaka Morogoro" ni *The bus goes as far as Morogoro*, au *to Morogoro* tu. Kwa idadi ni *up to*: "mpaka watu 50" ni *up to 50 people*. Na "mpaka mwenyekiti alikuja", ile ya mshangao, ni *even the chairman came*.

11. *Before*, *by*, *to*, *through*: siku ya mwisho imo au haimo?

*Before 30 June*: tarehe 30 haimo. *By 30 June*: imo. *From 1 to 30 June*: kwa kawaida imo, lakini neno *to* halina uhakika kisheria, hivyo wanaoandika mikataba huongeza *inclusive*. Wamarekani hutumia *through* kwa kazi hiyo: *Monday through Friday* ni pamoja na Ijumaa nzima. Waingereza huandika *Monday to Friday inclusive*.

*Within 14 days* peke yake haitoshi, kwa kuwa msomaji hajui zinaanza kuhesabiwa lini. Andika *within 14 days of receiving this letter*.

12. Nasemaje "isizidi", "isipungue" na "angalau" bila kuacha mwanya?

"Isizidi 5" ni *no more than 5* au *up to 5*, 5 imo. "Isipungue 5" na "angalau 5" ni *at least 5*, 5 imo. "Chini ya 5" ni *fewer than 5* kwa vitu vya kuhesabu na *less than 5* kwa kiasi, na hapo 5 haimo.

Kwa umri, *over 18* huleta ubishi kuhusu aliyetimiza 18 leo asubuhi. Fomu nzuri huandika *aged 18 or over*, sawa na "miaka 18 na kuendelea". Katika mikataba utakutana na *not exceeding*. Ni rasmi na haina kosa, ila kwenye barua ya kawaida inakunja uso bila sababu.

## Ukubwa

13. *Big*, *large* na *great*: nichague vipi?

*Large* ni ya vitu vinavyopimika na maandishi rasmi: *a large number*, *a large amount*, *a large population*, *a large area*. *Big* ni ya mazungumzo na ya uzito wa jambo: *a big mistake*, *a big decision*, *a big difference*. *Great* hupenda mambo yasiyoshikika: *great care*, *great difficulty*, *of great importance*. *A large mistake* na *a big importance* hazisemwi, ingawa sarufi haizikatazi.

Zaidi ya hayo matatu, "kubwa" yetu hugeuka kabisa. Kelele kubwa ni *loud noise*, gharama kubwa *high cost*, hasara kubwa *heavy losses*, ugonjwa mkubwa *a serious illness*, upasuaji mkubwa *major surgery*, umbali mkubwa *a long distance*. Kwa watu, jihadhari zaidi. Kaka mkubwa ni *elder brother*, na *big brother* inakubalika. Mama mkubwa ni *aunt*. Ikibidi kufafanua, *my mother's elder sister*. *Big mother* haina maana, na inaweza kumuudhi mama mkubwa mwenyewe. "Mkubwa wangu" wa kazini ni *my boss*.

14. Na "-kuu"? Si ndiyo *great*?

Wakati mwingine. Maziwa Makuu ni *the Great Lakes*, na hapo tumelingana. Lakini "-kuu" yetu ni ya daraja kuliko ya ukubwa, na Kiingereza hakina neno moja la daraja. Hesabu mwenyewe: mwalimu mkuu ni *head teacher*, barabara kuu *main road* au *highway*, Waziri Mkuu *Prime Minister*, Mahakama Kuu *High Court*, Benki Kuu *Central Bank*, Jaji Mkuu *Chief Justice*, makao makuu *headquarters*, chuo kikuu *university*, Ijumaa Kuu *Good Friday*. Tisa, na hakuna hata moja yenye *great*.

Katibu Mkuu ana mtego wake. Wa Umoja wa Mataifa ni *Secretary-General*. Wa wizara ya Tanzania ni *Permanent Secretary*. Mtafsiri asiyejua hilo humpandisha mtumishi wa umma hadi New York.

15. "-refu" ni *tall*, *high*, *long* au *deep*?

Yote manne. *Tall* ni ya kitu kilichosimama na kilicho chembamba kuliko urefu wake: mtu, mnazi, mnara, ghorofa. *High* ni ya kitu ambacho kilele chake kiko mbali na ardhi: mlima, ukuta, dari, rafu. Kilimanjaro ni *5,895 metres high*. *Long* ni ya kilicholala au cha muda: mto, kamba, kanzu, safari, mkutano. *Deep* ni ya kwenda chini: kisima kirefu ni *a deep well*, na Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, *about 1,470 metres deep*.

Kinyume chake nacho hugawanyika: mtu mfupi *short*, ukuta mfupi *low*, kisima kifupi *shallow*.

"Ukuta mrefu" kwa Kiswahili una maana mbili, wa kwenda juu na wa kwenda mbele. Kabla ya kutafsiri, muulize aliyeandika. Na usimuulize mtu *How high are you?* Umemuuliza amelewa bangi kiasi gani. Sema *How tall are you?*

16. "Nene", "pana" na "embamba" je?

Kitabu kinene ni *thick*, mtu mnene *fat*, na kwa adabu *heavy* au *large*. Barabara pana ni *wide*, mabega mapana *broad*. Barabara nyembamba ni *narrow*, karatasi nyembamba *thin*, mtu mwembamba *slim* ukimsifu na *thin* ukimhurumia.

17. Kwa nini *very huge* inasahihishwa?

*Huge*, *enormous*, *vast*, *tiny* tayari zina "sana" ndani yake. *Very* hukaa na *big*, *large*, *small*. Ukitaka kukazia *huge*, tumia *absolutely* au *really*. *Vast* nayo huchagua: ni ya upana wa nchi, jangwa, bahari au maarifa. Tembo hawezi kuwa *vast*, labda alale akaziba nyika nzima.

18. *Little* na *a little*: je, ile *a* ina kazi gani?

Kubwa mno. *I have a little money*: ninazo kidogo, tunaweza kunywa chai. *I have little money*: sina kitu, usiniombe. Ni vivyo hivyo kwa *a few friends* na *few friends*. Kiswahili hufanya kazi hii kwa "tu": nina pesa kidogo, nina pesa kidogo tu.

Kwa udogo wa kawaida, *small* ni ya kipimo na *little* ina hisia: *a small house* ni nyumba ndogo, *a little house* ni kinyumba kinachopendeza. Kwa tofauti ndogo, ucheleweshaji mdogo au maumivu kidogo, tumia *slight*.

19. Kiingereza kinafanyaje pale sisi tunapotumia "ki-" na "ji-"?

Mara nyingi kinabadilisha nomino nzima. Mlima ni *mountain*, kilima ni *hill*. Mto ni *river*, kijito ni *stream*. Mji ni *town*, kijiji ni *village*. Nyumba ni *house*, jumba ni *mansion*. Mwiko ni *cooking spoon*, kijiko ni *spoon* tu. Mwanafunzi anayeandika *small river* kwa kijito hajakosea, ila *stream* ilikuwa inamsubiri.

Viambishi vipo, lakini vichache: *booklet* ni kijitabu, *droplet* ni kitone, *piglet* ni mtoto wa nguruwe. Havitembei. Huwezi kusema *houselet*. Dharau iliyo ndani ya "jitu" au "kijitu" inabidi itafutiwe kivumishi chake, kama *a hulking man* au *a puny little man*.

## Upeo, kiwango na kiasi

20. *Scope*, *range*, *extent*, *scale* na *reach*: lini ipi?

*Scope* ni kile ambacho kazi inakihusu. Asili yake ni shabaha, kutoka Kigiriki kupitia Kiitaliano. "Wigo" wetu kwa asili ni ua. Picha ni mbili, kazi ni moja: *That is outside the scope of this report*. *Scope for improvement* ni kitu kingine, nafasi ya kuboresha.

*Range* ni umbali kati ya mwanzo na mwisho, au aina mbalimbali: *the age range*, *a range of products*. Kama kitenzi: *Prices range from 5,000 to 20,000 shillings*. Usiandike *from 5,000 and 20,000*. *From* huenda na *to*, *between* huenda na *and*.

*Extent* ni umefika wapi: *the extent of the flood damage*. *Scale* ni ukubwa ukilinganishwa: *small-scale farmers*, wakulima wadogo. Ukiandika *small farmers* unaweza kueleweka kwamba wenyewe ni wafupi. *Reach* ni mkono unapofika. Maneno *Keep out of reach of children* kwenye chupa ya dawa yana maana watoto wasiifikie, na "weka mbali na watoto" inatosha.

21. "Kiwango" ni *level*, *rate*, *standard* au *extent*?

Neno hili limebebeshwa mizigo. Kiwango cha maji na cha elimu ni *level*. Kiwango cha riba, cha kubadilisha fedha na cha vifo ni *rate*, kwa kuwa ndani yake kuna mgawanyo: kitu kwa kitu. Viwango vya ubora ni *standards*. Kiwango cha joto ni *temperature* peke yake; *temperature level* ni ziada. "Kwa kiwango kikubwa" ni *to a large extent* au *largely*. Lami ya "kiwango cha chini" ni *substandard*.

22. *Amount of people* ina kosa gani?

Watu wanahesabika, hivyo ni *number of people*. *Amount* ni ya visivyohesabika: maji, sukari, fedha. Kiswahili kina mgawanyo huohuo tukiutunza, idadi ya watu na kiasi cha maji, ila siku hizi "kiasi" kimeingia kila mahali na makosa huvuka nacho. *Quantity* hukubali pande zote mbili, na hupendwa kwenye ankara na stoo. Kwa *few* na *little*, rudi swali la 18.

## Mitego ya vipimo na matumizi ya pekee

23. *20 square metres* na *20 metres square* ni sawa?

Si sawa, na tofauti inaweza kukugharimu kiwanja. *20 square metres* ni eneo la mita za mraba 20, ukubwa wa chumba kizuri cha kulala. *20 metres square* ni mraba wenye upande wa mita 20, yaani ishirini kwa ishirini, mita za mraba 400. Andika *20 metres by 20 metres* na ubishi utaisha.

Eka nayo ina mtego. *Acre* ya Kiingereza ni takriban mita za mraba 4,047. Wanaopima kwa hatua sabini kwa sabini hupata karibu eka sahihi kama hatua yao ni yadi; wakipima mita 70 kwa 70 hupata mita za mraba 4,900, zaidi kwa kama asilimia 21. Kwenye mkataba wa Kiingereza, weka mita za mraba kando ya *acre*. *Hectare* ni mita za mraba 10,000.

24. Kwa nini ni *a 20-litre bucket* na si *20-litres*?

Kipimo kikisimama mbele ya nomino kama kivumishi hukaa katika umoja na huungwa kwa kistari: *a five-kilometre road*, *a 20-litre bucket*, *a two-year contract*. Kikija baada ya kitenzi, wingi unarudi: *The road is five kilometres long*.

25. Katika hisabati, *limit* na *range* zina maana zilezile?

Zimebanwa zaidi. *Limit* ni thamani ambayo mfululizo unaisogelea, hata kama hauigusi: nusu, jumlisha robo, jumlisha thumni, ukiendelea hivyo unakaribia 1. *Speed limit* unaweza kuigonga na kuipita. Hii si ya namna hiyo. *Range* katika takwimu ni kubwa kutoa ndogo: alama za juu 88 na za chini 31 zina *range* ya 57. Katika somo la fanksheni, *range* ni seti ya majibu yote yanayotoka. Mtihani wa takwimu ukikuuliza *range*, jibu ni namba moja. Ukiandika "31 hadi 88" unaweza kupoteza alama.

26. Bando la *unlimited* mbona linapungua kasi?

Soma mstari wenye *fair usage policy*. Mara nyingi *unlimited* humaanisha hutakatiwa, lakini ukivuka kiasi fulani kwa siku au mwezi, kasi hushushwa. Kiasi hicho ni *threshold*, kwa maana ya swali la 8. Tofauti yake na *cap* ni kwamba *cap* ingekukatia kabisa.

27. *Great* ya *Great Britain* ni sifa?

Ni ukubwa wa kutofautisha, si utukufu. Jina lilisaidia kukitenga kisiwa hicho na Brittany ya Ufaransa, Britania ndogo. *Greater* ya *Greater London* nayo ni ya eneo: City of London pamoja na manispaa 32 zinazoizunguka. Ukitafsiri, "London na vitongoji vyake" ni salama kuliko "London Kuu", ambayo msomaji ataichukulia kama cheo.